Mwaka Baba Alipoligonga Gari

Karakana, 4 Machi

Binti yangu Bi Mkali,

Marahaba, maana najua hujaniamkia bado na nikikungoja nitazeeka. Hamjambo huko kwenye vyerehani? Sisi wazima. Ni masikio yangu tu ndiyo yameshaaga. Nyundo zimeyamaliza. Ukinipigia simu nasikia kama mtu anakaanga kitu, ndiyo maana naandika, na barua nampa dereva wa basi. Ukijibu mpe huyo huyo, yule mwenye pengo.

Ujumbe wako nimeupata kwa mamako: gari la marehemu baba yako liuzwe, wewe hutaki hata kuliona. Sawa. Kakangu alikuachia wewe, si mimi, kwa hiyo neno lako ndilo. Nimelivuta kutoka bandani mpaka kwangu. Limekaa chini ya turubai hadi panya wamejenga mtaa, lakini bodi yake nzuri, mwanangu. Magari ya umri ule siku hizi watu wanayatafuta kwa tochi. Na mnunuzi yupo, daktari wa meno mstaafu, ana mengine mawili ya aina hiyo hiyo nyumbani kwake. Alilizunguka, akalipapasa, akafungua boneti na kuchungulia kwa muda mrefu kama anatafuta jino bovu.

Sasa kikwazo. Kabla jina halijabadilishwa, mkaguzi wa magari lazima aione namba ya chasisi kwa macho yake, ile iliyogongwa kwenye chuma chenyewe, ailinganishe na ya kadi ya gari. Nikasugua kutu kwa brashi ya waya, kulia, karibu na gurudumu la mbele. Namba ikatokea. Nusu imeliwa. Nusu iliyobaki inafanana na ya kadi, ila haikugongwa kiwandani. Namba ya kiwandani inasimama mstari kama wanafunzi mbele ya mwalimu mkuu. Hizi zimesimama kama watu wanaogombea choo: moja imeinama, moja imezama, nyingine imegusa chuma juu juu tu. Hiyo ni kazi ya mkono.

Mkaguzi akapiga mluzi. Sikuusikia, niliuona.

"Hii namba nani kaigonga?" akanipigia kelele sikioni.

"Sijui. Gari ni la kaka yangu, na kaka yangu hakuwa mwizi."

"Sijasema mwizi, mzee. Nimeuliza namba."

Anasema namba ya mkono ndiyo dalili ya kwanza ya gari la wizi. Asipopata maelezo analizuia, na likizuiwa ndiyo basi tena. Akipata maelezo yenye akili, ofisi inatoa namba mbadala: ya zamani inapigwa mstari, mpya inagongwa pembeni, karatasi zinabadilishwa, kila mtu anakwenda kwake. Mimi miaka kakangu aliyokuwa akiliendesha nilikuwa mgodini, sijui lolote. Nikamuuliza mamako. Alikuwa anakunja nguo, hata macho hakuinua. "Si aliligonga mwenyewe," akasema, "mwaka ule wa mguu wa mtoto." Halafu akaniuliza kama nitakunywa chai.

Haya, aliligonga mwenyewe, nimeelewa. Lakini kwa nini? Mwenye gari ni wewe, maelezo lazima yatoke kwako. Mwandikie mkaguzi karatasi yake, uifunge peke yake. Kama unajua kitu, kiandike chote. Akiridhika, mwisho wa mwezi tunaligonga na daktari anaondoka nalo.

Baba yako mdogo,
Fundi


Chumba cha kushonea, 13 Machi

Shikamoo Baba Mdogo,

Umeona? Nimeamkia.

Barua yako nimeirudia mara mbili nikidhani labda nimeruka mstari. Unaniuliza mimi kwa nini Baba aliligonga gari? Mngemuuliza aliyekuwa ameshika usukani, ila mmechelewa.

Nilikuwa na miaka miwili, na nilikuwa ndani. Hakuna aliyewahi kunikalisha akanisimulia, maana nyumba yetu unaijua, mambo mazito yanakunjwa pamoja na nguo. Lakini masikio ninayo. Kila mguu wangu ulipotajwa, maneno yalikuwa yale yale: mwaka baba yake alipoligonga gari. Jirani alisema hivyo, Mama alisema hivyo. Baada ya hapo wote kimya, na Baba anatazama viatu vyake. Nilipopata akili nikajumlisha mwenyewe. Leo nashonea cherehani ya umeme kwa sababu mguu huu hauwezi kukanyaga pedali. Wenzangu hapa wakiniuliza imekuwaje, nawaambia ajali ya gari. Dereva alikuwa nani, sijawahi kusema.

Sikumvunjia Baba heshima hata siku moja. Nilimwamkia, nilimpikia, nilimfulia. Ila ndani ya gari lile sikuingia, na akininyooshea mkono nivuke mtaro, nilivuka peke yangu. Halafu anakufa ananiachia gari lile lile! Hebu niambie wewe uliyekuwa ndugu yake, ule ulikuwa urithi au kejeli?

Na sasa ninyi mnataka kuligonga tena mwisho wa mwezi. Hapo ndipo sielewi kabisa. Kama mnaligonga ili liwe chuma chakavu, ligongeni, lipondeni, roho yangu itatulia. Lakini basi huyo daktari anaondoka na nini? Au mmepanga ionekane ajali ili mpate kitu? Kama ni hivyo, msinitie humo.

Karatasi ya mkaguzi hiyo ndani, nimeifunga kwa gundi. Nimeandika ukweli wote, kama ulivyotaka.

Mwanao


Karakana, 22 Machi

Bi Mkali,

Leo hakuna salamu. Gari limefungwa mnyororo.

Mimi na haraka zangu, nilichukua ile karatasi ya gundi nikampelekea mkaguzi kabla hata sijafungua barua yangu. Nilikuwa najivuna kwamba binti yetu amejibu upesi. Akaisoma nimesimama mbele yake. Uso ukambadilika. Amechoka kunipigia kelele, kwa hiyo akageuza bahasha akaandika nyuma yake: "Ajali. Mtoto kaumia. Haikuripotiwa. Kisha namba ikabadilishwa. Mzee, unaona hii inavyosomeka?" Kesho yake akaja na mnyororo na kufuli, akafunga gurudumu la mbele, akaniomba radhi. Kwanza tulikuwa na shaka ya wizi. Sasa tuna ya wizi na ya kuficha ajali, na anayechafuka ni marehemu ambaye hawezi kujibu.

Nikarudi, nikasoma ya kwangu. Nikakaa juu ya tairi.

Mwanangu, ajali gani?

Sisi mafundi tukisema gari linagongwa, tunasema namba. Unaweka kijichuma chenye tarakimu juu ya chasisi, unapiga nyundo, tarakimu inaingia. Huko ndiko kuligonga. Sikuwa na mpango wa kulipeleka ukutani! Nilicheka peke yangu karakana nzima, halafu kicheko kikaniishia, kwa sababu nikakumbuka mamako naye alitumia neno hilo hilo, na wewe umelisikia tangu hujui hata kuvaa kiatu.

Sasa sikiliza. Gari hili nimelivua rangi lote mpaka chuma. Bati lililowahi kukunjwa halinidanganyi, liwe limenyooshwa na nani. Patakuwa na puti ya kuzibia mabonde, au alama za nyundo kwa ndani, au mshono wa kuchomelea. Nimepapasa milango yote, madigadi, boneti, nguzo za kioo. Hakuna kitu. Gari hili halijawahi kugongana hata na mbuzi.

Ungedhani hapo nimemaliza, kumbe ndipo nimechanganyikiwa. Chasisi si yake. Matundu ya boliti yametobolewa upya, na pale chini ya namba pamesuguliwa kwa tupa, palikuwa na namba nyingine. Yaani ni bodi ya gari moja juu ya mifupa ya gari jingine. Mtu anabadilishaje chasisi ya gari ambalo halijapata ajali? Na mbona ni mwaka ule ule? Na mguu wako je? Mimi niliporudi kutoka mgodini nilikukuta unachechemea, sikuuliza. Katika ukoo wetu nani anauliza?

Nimeshika kichwa. Niambie unachokumbuka. Si ulichojumlisha, unachokumbuka.

Fundi


Chumba cha kushonea, 30 Machi

Shikamoo Baba Mdogo,

Sikumbuki kitu.

Nimekaa na barua yako tangu juzi na nimeshona kola ya sare nje ndani, kitu ambacho sijafanya tangu nijifunze kazi. Nakumbuka dari ya gari, kitambaa chenye vitundu vidogo vidogo. Nakumbuka kelele za chuma kwa chuma, kubwa, karibu sana, mara nyingi. Siku zote nilijua hizo ndizo kelele za ajali. Lakini ajali si hulia mara moja tu? Hili swali lilikuwa wapi miaka yote hii?

Nakumbuka pia Baba akilifunika turubai. Nilikuwa nimesimama mlangoni nimejikunyata, yeye anavuta kamba, hanitazami. Nikasema moyoni, ndiyo, lifiche. Hakuliendesha tena. Kama hakuwa na hatia alilificha la nini?

Na kama hakuligonga, basi mguu wangu aliuvunja nani?

Muulize Mama. Usimuulize kwa kupayuka hadi mtaa mzima usikie, na usikubali chai. Mpokonye hizo nguo kama itabidi. Akisema jambo ambalo si zuri, liandike hivyo hivyo. Usinitengenezee hadithi ya kunibembeleza, Baba Mdogo, maana nitajua, na nitaacha kukuandikia.

Mwanao


Karakana, 11 Aprili

Binti yangu,

Nimefanya kama ulivyoagiza. Nilikwenda asubuhi, nikakaa upande wa sikio linalosaidia kidogo, nikakataa chai. Hapo tu mamako akajua kuna jambo.

"Shemeji," nikamwambia, "mtoto alivunjika vipi mguu?"

"Nani kavunjika? Mtoto hakuvunjika. Mtoto aliugua."

Ilikuwa homa, anasema. Ulilala unatembea, ukaamka mguu mmoja haukusikii. Wakakupeleka hospitali kubwa, ile ya safari ya siku nzima, na pale wakaambiwa mguu hautarudi kama ulivyokuwa, ila ukifungwa vyuma na kunyooshwa kila mwezi utatembea. Usipoletwa kila mwezi, utatambaa. Basi baba yako akawa anakupeleka. Barabara ile unaijua kwa sifa zake, mashimo yana majina. Alikwenda na kurudi na wewe umelazwa kiti cha nyuma, mpaka siku moja chasisi ikakatika katikati mkiwa njiani. Haikugongwa na mtu. Ilichoka, ikakatika. Akakubeba mgongoni mpaka mkafika, na hamkukosa siku yenu.

Akapata chasisi ya gari jingine la aina ile ile, lililoungua bodi, kwenye uwanja wa vyuma chakavu. Akaihamishia bodi yake mwenyewe pale uani. Lakini chasisi ile ilikuwa na namba ya gari la watu, na njia ya hospitali ilikuwa na vizuizi vya ukaguzi. Wangemkamata na mtoto ndani, mwezi ungepita. Kwenda ofisini kuomba namba ilikuwa kungoja, na wewe hukuwa na muda wa kungoja. Ndipo akachukua tupa, akaazima vyuma vya tarakimu, akaigonga namba ya kadi yake mwenyewe.

Nikamwambia, "Shemeji, binti yako anasema kakangu aliligonga gari naye akiwa ndani."

"Si alikuwa ndani kweli," akasema. "Nilimlaza kiti cha nyuma apate kivuli, mikono yangu ilikuwa na kazi. Baba yake anasema sita, nampa sita. Anasema mbili, nampa mbili. Kila akipiga nyundo, mtoto anacheka. Nyundo ikinyamaza, anadai tena. Baba yake akawa anapiga hata pasipo na kitu, ili acheke."

Halafu akanitazama. "Kwani yeye anadhani nini?"

Ikabidi nimwambie. Binti yangu, umenikataza kukubembeleza, kwa hiyo naandika nilivyoona: nguo zote alizokuwa anakunja zilianguka chini na hakuziokota. Alikaa. Ndipo akaniambia habari ya turubai. Ulipofika umri wa kuelewa, ukawa ukiliona gari unageuza uso, ukiambiwa panda unalia. Mamako akataka ulazimishwe. Baba yako akakataa. Akasema, "Linamkumbusha sindano na vile vyuma. Mwache mtoto." Akalifunika usilione, akawa anakwenda kazini kwa miguu mpaka alipostaafu, mtu aliyelipenda gari kuliko kula. Alikuachia wewe kwa kuwa alisema ukikua sindano utazisahau.

Nilirudi karakana nikawasha mashine ya kusaga chuma bila kusaga kitu, ili vijana ninaowafundisha kazi wasinisikie.

Baba yako mdogo


Kwa Mkaguzi wa Magari, 24 Aprili

Ndugu Mkaguzi,

Yahusu: Kufuta maelezo niliyotoa awali kuhusu gari la marehemu baba yangu.

Naomba maelezo yangu ya kwanza yafutwe. Niliandika kwamba baba yangu aliligonga gari nikiwa ndani. Ni kweli aliligonga nikiwa ndani, lakini aligonga namba. Neno ni moja na mimi nililielewa vibaya kwa miaka yangu yote, kwa hiyo sishangai kwamba na wewe ulilielewa vibaya kwa siku chache.

Hakukuwa na ajali. Chasisi ya awali ilikatika kwa safari za kunipeleka hospitali. Chasisi iliyopo ilitoka kwenye gari lililoungua, na baba yangu alifuta namba yake na kugonga ya kadi bila idhini ya ofisi. Hilo lilikuwa kosa na sitetei. Sababu ya kosa ilikuwa mimi. Mama yangu alimpokeza vyuma na yuko tayari kueleza.

Nakuomba usiandike popote kwamba alikuwa mwizi. Ukiona lazima uandike jambo baya, andika kwamba alikuwa na haraka.

Mwenye gari


Karakana, 6 Mei

Bi Mkali,

Mbona mkaguzi anapata barua mimi sipati? Dereva mwenye pengo kila akipita natoka mbio na grisi mikononi, ananipungia tu. Unaumwa?

Mnyororo umefunguliwa. Mamako alikwenda mwenyewe ofisini, akakataa kiti, akamsimulia mkaguzi wima tangu homa mpaka turubai. Mkaguzi hakumkatiza. Siku ya pili akaja na dawa yake, akaipaka pale palipopita tupa, na ile namba ya chini ikajionyesha kidogo, hafifu, ila inasomeka. Akaitafuta kwenye kumbukumbu zao: gari liliungua, likafutwa, hakuna anayelidai. Akasema amewahi kuona namba nyingi za mkono ila hii ni ya kwanza kuja na shahidi aliyekuwa anashika tarakimu.

Namba mbadala imetoka. Ameigonga jana kwa mashine yao, imenyooka, haina tarakimu hata moja iliyolegea. Ile ya kakangu imepigwa mstari mwembamba juu yake, kwa sheria. Sikutaka kutazama lakini nilitazama. Bado inasomeka.

Sasa daktari wa meno anakuja kila Jumamosi na kitambaa chake cha kufutia. Nimjibu nini? Karatasi ziko tayari, ni sahihi yako tu. Sikushawishi upande wowote. Nataka tu unijibu, hata kwa neno moja, nijue uko hai.

Baba yako mdogo,
Fundi


Chumba cha kushonea, 19 Mei

Shikamoo Baba Mdogo,

Niko hai. Nisamehe kwa kukufanya ukimbizane na dereva bure.

Nimeshindwa kuandika kwa sababu kila nikianza nakuta sina la kusema kuhusu gari. Mwambie daktari asubiri. Nikisema liuzwe nasikia uongo, nikisema lisiuzwe nasikia uongo pia. Siku hizi wenzangu wakinizungumzisha najibu kitu kingine. Jana mteja aliniuliza mguu umekuwaje, mdomo ukafunguka kwa mazoea, "ajali ya," halafu nikasimama hapo. Akadhani nataka kulia. Sikutaka kulia, nilikuwa sijui sentensi inaendaje.

Nimejaribu kumkumbuka Baba upya, siwezi. Kila ninachokikuta nimekihifadhi kwa hasira. Akitazama viatu vyake, niliandika: aibu. Akinyoosha mkono pale mtaroni, niliandika: anajipendekeza. Akitembea kwa miguu kwenda kazini kwenye mvua, niliandika: anastahili. Nikiyageuza yote yasomeke sawasawa nabaki na mwanamume nisiyemjua, aliyeishi nami nyumba moja na kunipenda bila kusema neno, na mimi namwamkia kila asubuhi kama mpangaji.

Baba niliyemzika sikumlilia, Baba Mdogo. Mlinisifu pale kaburini kwamba nimejikaza. Sikuwa nimejikaza. Na huyu unayeniandikia habari zake sasa sijamzika, sijui hata nianzie wapi kumlilia, kwa sababu simjui.

Wewe ulikua naye. Ulilala naye kitanda kimoja mkiwa watoto. Usiniandikie tena habari za namba wala mkaguzi. Niandikie alikuwa mtu wa namna gani. Alicheka na nini, aliogopa nini, aliimba vibaya au vizuri. Anza popote.

Binti yake